Barua ya wazi kwa Gavana wa Tana River: Hola ihesabiwe kwa kufuata mto

Mheshimiwa Gavana,

Kabla hujatia sahihi mpango wowote wa mji wa Hola, tunakuomba usome kwa makini ukurasa wa idadi ya watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 katika kaunti nzima, kaya 68,242, kwenye eneo la takriban kilomita za mraba 37,950. Ukigawanya unapata watu 8 kwa kila kilomita ya mraba. Hesabu haina kosa. Ila mhandisi akiitegemea kupanga mabomba ya Hola, tangi litakauka kabla ya saa sita mchana, kwa kuwa watu hawakutawanyika hivyo. Wamebanana kandokando ya mto, na nyuma yao ni nyika tupu.

Hola iko upande wa magharibi wa Tana, kwenye tambarare ambayo mvua ya mwaka wa kawaida haifiki milimita 500. Ardhi yake ni mikanda mitatu. Wa kwanza ni bonde linalofurika, lenye migomba, miembe na mpunga, na vijiji vya Wapokomo vilivyojengwa juu ya matuta ya udongo ambayo mto wenyewe uliyalimbikiza. Wa pili ni mji: ofisi, soko na barabara, kwenye ardhi iliyoinuka kidogo tu. Wa tatu ni malisho ya Waorma na Wawardei, yaliyokatwakatwa na laga, yaani mikondo ya maji ya msimu, ambazo hukaa kavu miezi mingi, kisha zikafunga barabara mvua ikinyesha. Jumla moja ya wadi huichanganya mikanda hii, na hapo ndipo mipango huanza kuharibika.

Sensa yetu humwandika mtu pale alipolala usiku wa sensa. Mwaka 2019 ulikuwa usiku wa Agosti 24, wakati wa kiangazi, ambapo mifugo huwa imesogea karibu na maji. Vuli ikinyesha, familia zile zile huwa mbali nyikani. Kwa hiyo Hola inahitaji hesabu mbili, moja Agosti na nyingine mwishoni mwa Novemba. Kwa hii ya pili msitume makarani kutoka mjini, kwa sababu laga zitawazuia njiani. Waajirini vijana wanaoishi huko huko nyikani, wafundishwe mapema, na kila mmoja apewe kaya zisizozidi 100.

Picha za setilaiti zinasaidia, lakini paa si kaya. Kwenye boma moja la Kipokomo jiko huwa na paa lake na vijana wana nyumba yao. Ukihesabu mapaa utaandika kaya tatu mahali penye kaya moja. Nyikani kosa hugeuka: nyumba ya mviringo ya Kiorma, iliyoezekwa kwa nyasi na mikeka, ukiitazama kutoka juu huwezi kuitofautisha na kichaka. Chagueni paa moja katika kila kumi, karani aende kwa miguu aulize wanaokula chungu kimoja ni wangapi, halafu mrekebishe jumla ya kila ukanda peke yake.

Mifugo nayo ihesabiwe, maana inakunywa kwenye mto huo huo. Wahandisi wa maji nchini huchukua ng'ombe 3 wa kienyeji, au mbuzi 15, kuwa sawa na lita 50 kwa siku. Kundi la ng'ombe 300 basi linataka lita 5,000, maji ya watu 250 ukimpa kila mtu lita 20. Mpango unaotaja watu pekee unaacha kiu ya kundi hilo nje ya hesabu, na kiu hiyo ikifika mtoni inakutana na shamba la mtu. Ugomvi mwingi wa bonde hili umeanzia hapo.

Mto nao hautulii. Mwaka 1989 Tana ilihama, ikaiacha pakavu mitambo ya kuvuta maji ya skimu ya umwagiliaji ya Hola iliyoanzishwa 1953, na kilimo kikaanguka. Jambo hilo linaweza kurudi. Upande wa ndani wa kona ya mto hujaa mchanga, upande wa nje hulika. Pampu iliyofungwa kwenye zege upande wa ndani itabaki ikitazama mchanga; iliyowekwa upande wa nje kwenye udongo laini itaanguka pamoja na ukingo. Tafuteni ukingo wa nje wenye mfinyanzi mgumu, au mtumie pampu inayoelea. Pampu ikiwa juu ukingoni, isizidi mita 6 kutoka usawa wa maji wa kiangazi, la sivyo itashindwa kuvuta wakati inapohitajika zaidi.

Mafuriko ya 2018, ya mwisho wa 2023 na ya 2024 yaliwasukuma watu kutoka bondeni hadi sehemu za juu. Kambi ya namna hiyo ikikaa misimu miwili inakuwa mtaa, lakini kwenye ramani bado inasomeka kama nyika. Iandikwe kuwa mtaa, ipewe njia na mahali pa vyoo: sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, shimo liwe mita 30 kutoka kisimani, na kuta zijengewe, kwa sababu udongo mweusi hupasuka wakati wa jua na kubomoka ukilowa.

La haraka kuliko yote ni malka, njia za mifugo kufika mtoni. Zitembeeni pamoja na wazee wa Kipokomo, wa Kiorma na wa Kiwardei, mpime upana wake, mziingize kwenye ramani na kuweka vigingi kabla mpimaji hajakata ploti ya kwanza kando ya mto. Ploti ikishapata hati, kuifungua tena njia hiyo ni kesi ya miaka.

Wako,
Wapimaji ardhi, mafundi wa maji na makarani wa bonde la Tana