Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Programu Yetu ya Simu na Uelewa wa Jamii Kuhusu OCD

Ndugu wanachama,

Katiba inanitaka nisimame mbele yenu mara moja kwa mwaka nieleze chama kimefanya nini. Mwaka huu nguvu zetu nyingi zimekwenda kwenye jambo moja: kutengeneza programu ya simu ya kuwaelimisha watu wasio na OCD kuhusu OCD, yaani ugonjwa wa akili ambapo mtu hujiwa tena na tena na mawazo asiyoyataka na kujiona analazimika kurudia matendo fulani ili ayatulize. Taarifa yangu itaegemea huko. Hesabu mtazisikia kwa mweka hazina, na vikao na mahudhurio yamo katika taarifa ya katibu.

Katika mkutano uliopita wanachama kadhaa waliuliza, tena kwa haki, kwa nini tuhangaike na wasioumwa ilhali wanaoumwa hawajapata huduma ya kutosha. Jibu la kamati ni kwamba mgonjwa hafiki kwa daktari peke yake. Anapitia kwa mama, kwa mume au mke, kwa mwalimu, kwa kiongozi wa dini, kwa msimamizi wake kazini. Inakadiriwa kwamba kati ya watu 100, wawili au watatu hupatwa na OCD wakati fulani maishani, na wengi wao hukaa miaka kadhaa kabla ya kupata tiba inayofaa. Sehemu ya ucheleweshaji huo hutokana na uhaba wa wataalamu, na hilo haliko katika uwezo wetu. Sehemu nyingine hutokana na mgonjwa mwenyewe na walio karibu naye kutoutambua ugonjwa, na hapo tunaweza kusaidia.

Hawautambui kwa sababu picha waliyo nayo siyo. Mtu akipanga vitabu vyake kwa rangi, anacheka na kusema, "Mimi nami nina OCD kidogo." Kwa watu wengi OCD ni usafi na mpangilio, basi. Sasa mchukueni mama aliyejifungua karibuni, ambaye kila akishika kisu anajiwa na wazo kwamba atamchoma mwanawe. Anatetemeka, anaficha visu, anakataa kubaki na mtoto peke yake. Mwambieni huyo kwamba OCD ni kupenda usafi, na hatajihesabu humo hata kidogo. Atajiona mwovu, atanyamaza. Ndivyo ilivyo pia kwa anayerudia sala ileile kwa kuhofia kwamba moyo wake haukuwapo, na kwa dereva anayegeuza gari kurudi kuhakikisha kwamba hakumgonga mtu. Tena kuna wanaohesabu au kujibishana na wazo kimoyomoyo. Huyo unaweza kuketi naye chumba kimoja siku nzima usione kitu.

Kamati iliamua kwamba somo la kwanza katika programu lisiwe juu ya wagonjwa. Liwe juu ya msomaji mwenyewe. Mwaka 1978 wanasaikolojia Stanley Rachman na Padmal de Silva walionyesha kwamba watu wasio na ugonjwa wowote nao hujiwa na mawazo machafu, ya kutisha au ya kuaibisha, yanayofanana sana na ya wagonjwa wa OCD. Mwaka 2014 timu ya kimataifa iliyoongozwa na Adam Radomsky iliripoti matokeo ya kuwahoji wanafunzi 777 katika nchi 13: karibu asilimia 94 walisema kwamba katika miezi 3 iliyotangulia walikuwa wamejiwa na angalau wazo moja la aina hiyo. Kwa hiyo kuwa na wazo si ugonjwa. Ugonjwa huanza pale wazo linapopewa uzito wa ushahidi dhidi ya mwenye nalo, akaanza kufanya tendo fulani ili alizime, nafuu ikaja kwa muda mfupi, kisha wazo likarudi na kudai tendo lifanywe tena. Hali hiyo ikila zaidi ya saa moja kwa siku, au ikivuruga kazi na maisha ya nyumbani, ndipo madaktari huzungumzia OCD.

Somo hilo tuliwaonyesha wanachama waliojitolea kulipitia pamoja na ndugu zao wasioumwa. Wale ndugu ndio waliotushangaza. Wengine walikiri kwa mara ya kwanza kwamba nao huwaza kujirusha wanaposimama ghorofani. Nadhani hakuna kingine tulichofanya mwaka huu kilichowasogeza watu karibu namna hiyo.

Kabla ya kuandika chochote, kikundi kazi kilipitia programu zilizopo. Nyingi ni za tiba au za kujipima. Za kuelimisha umma juu ya OCD ni chache. Iliyotufaa zaidi kama mfano ni esTOCma ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Valencia, Uhispania, iliyojengwa kama mchezo: mtumiaji anapambana na unyanyapaa hatua kwa hatua, na katika kila hatua anajifunza jambo kuhusu ugonjwa. Tulipenda ufupi wake. Ufupi si anasa katika kazi hii. Uchunguzi wa Amit Baumel na wenzake wa mwaka 2019, uliopitia programu 93 za afya ya akili, ulikuta kwamba baada ya siku 15 kiwango cha kati cha watumiaji waliokuwa bado wanazifungua kilikuwa asilimia 3.9 tu. Wenye ndoto ya kozi ya miezi mitatu, takwimu hiyo inawatosha. Ya kwetu itamalizwa ndani ya wiki moja, na kila somo litachukua dakika chache.

Sasa niingie kwenye suala lililotuchukulia muda mwingi kuliko yote, na ambalo nakiri kwamba lilinikosesha usingizi. Mafundi wa programu wana mbinu zao za kumfanya mtu arudi: kuhesabu siku alizofululiza bila kukosa, kumtumia arifa asubuhi na jioni, kumpa nyota akimaliza na kumnyang'anya akilegea, kuweka duara linalobaki na pengo mpaka kila kitu kikamilike. Fundi wetu alizileta zote kwa nia njema kabisa. Mwanachama mmoja mwenye OCD alizitazama akasema, "Hii mmenitengenezea mimi ugonjwa mpya." Alikuwa sahihi. Kufululiza siku bila kukosa ni kanuni ya OCD yenyewe: usipofanya, jambo baya litatokea, ukikosa mara moja, anza upya. Programu yetu inalenga wasioumwa, lakini wanaoumwa watakuwa wa kwanza kuipakua, pengine kwa siri, wakitafuta jina la kinachowasumbua. Hatuwezi kuwakaribisha kwa mtego.

Tumeziondoa zote. Hakuna hesabu ya siku, hakuna nyota, hakuna duara la kukamilisha. Mtu anaweza kuruka somo na programu isimseme. Arifa zimezimwa tangu mwanzo. Anayezitaka atazifungua mwenyewe. Fundi alionya kwamba idadi ya wanaorudi itashuka, na kamati imekubali hasara hiyo kwa macho wazi.

Jaribio la kujipima nalo lilizua mjadala. Wanachama wengi walitaka liwemo, kwa hoja kwamba watu hupenda kujijua. Kipimo kinachotumika zaidi duniani, cha Yale-Brown, kilichochapishwa na Wayne Goodman na wenzake mwaka 1989, kina maswali 10 na alama kutoka 0 hadi 40. Kiliundwa ili mtaalamu aketi na mgonjwa amuulize, apime ukali wa hali na mabadiliko yake wakati wa tiba. Hakikuundwa ili mtu aliye macho saa nane za usiku akijaze mara ishirini mfululizo. Maana ndicho kitakachotokea. Mwenye OCD anatafuta uhakika, na kitufe cha "pima tena" ni uhakika unaopatikana kwa kidole. Dada mmoja katika kikundi chetu alisimulia alivyokuwa akijipima kwenye simu kila usiku, na kila alama ikimpa utulivu usiofika asubuhi. Jaribio halitakuwemo. Badala yake kuna ukurasa unaoeleza maswali ambayo daktari atakuuliza, na namna ya kuyajibu bila aibu.

Lugha ya kueleza chanzo cha ugonjwa ilitupa kazi pia. Rasimu ya kwanza ilisema OCD ni "ugonjwa wa ubongo" na kuishia hapo, tukiamini kwamba hilo linaondoa lawama. Linaondoa, kweli. Ila uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na Erlend Kvaale na wenzake mwaka 2013 ulionyesha kwamba maelezo ya kibiolojia yakitolewa peke yake hupunguza lawama, na wakati huohuo huwafanya watu waamini kwamba mgonjwa hawezi kupona. Kwa hiyo ukurasa wa chanzo sasa unafuatwa moja kwa moja na ukurasa wa tiba, na huwezi kuona wa kwanza bila wa pili.

Katika ukurasa wa tiba tumesimulia kazi ya mwanasaikolojia Victor Meyer, aliyechapisha mwaka 1966 habari za wagonjwa wawili aliowasaidia kwa kuwakabilisha na walichokiogopa huku wakizuiwa kufanya matendo yao ya kujituliza. Mpaka leo tiba ya kukabili hofu na kuzuia tendo ndiyo nguzo, pamoja na dawa kama fluoxetine, sertraline na clomipramine. Hapa kuna funzo ambalo familia huliona gumu kumeza. Kumhakikishia mgonjwa kila anapouliza "una hakika mlango umefungwa?" ni kumfanyia tendo lake kwa niaba yake. Wanaojibu wanajibu kwa upendo, na ndiyo maana somo hilo tumeliandika mara kadhaa upya, lisije likawafanya watu wawe wakali majumbani. Tumewaelekeza wakubaliane kwanza na mgonjwa, ikiwezekana mbele ya mtaalamu, jinsi ya kupunguza majibu hayo kidogo kidogo.

Sauti za wagonjwa wenyewe zimepewa nafasi kubwa. Mapitio ya Patrick Corrigan na wenzake ya mwaka 2012 yalikuta kwamba, kwa watu wazima, kukutana na mtu aliyepitia ugonjwa hupunguza unyanyapaa kuliko maelezo matupu. Simu haiwezi kumkutanisha mtu na mtu kikamilifu, lakini sauti inakaribia. Wanachama waliorekodi simulizi zao walifanya hivyo bila majina, na kila mmoja ana haki ya kuiondoa simulizi yake siku yoyote bila kutoa sababu. Nawashukuru sana.

Kuhusu faragha sina mengi, ila niliyonayo ni mazito. Mwaka 2019 Kit Huckvale na wenzake walichunguza programu 36 maarufu za sonona na za kuacha sigara, wakakuta 29 kati yake zinapeleka data kwa huduma za Facebook au Google. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliitaka BetterHelp, kampuni ya ushauri nasaha kwa njia ya mtandao, ilipe dola milioni 7.8, kwa shutuma kwamba ilitoa taarifa nyeti za wateja kwa ajili ya matangazo baada ya kuwaahidi faragha. Mtu aliyepakua programu yenye neno OCD amekwisha kusema jambo kuhusu nafsi yake au kuhusu mtu wake. Programu yetu haina akaunti, haiulizi jina wala namba ya simu, haina matangazo, na masomo yote yanakaa ndani ya simu yenyewe.

Gharama yake ni kwamba hatutajua nani anaitumia. Kupima matokeo kutakuwa kwa hiari: maswali machache kabla ya somo la kwanza na yaleyale baada ya la mwisho, kwa atakayekubali. Maswali hayo hayaishii kwenye ufahamu tu. Anthony Jorm na wenzake, walioanzisha mwaka 1997 dhana ya uelewa wa afya ya akili, waliona kwamba uelewa ni pamoja na kujua pa kutafuta msaada. Kwa hiyo tunauliza: ndugu yako akikueleza wazo la namna hii, utamjibu nini? Jibu la swali hilo moja lina uzito kuliko mengine yote, kwa maoni yangu.

Wapo wanachama wanaotaka programu itibu pia. Naheshimu hoja yao, hasa wale wanaoishi mbali na wataalamu. Msimamo wa kamati ni kwamba tiba inahitaji usimamizi ambao chama cha kujitolea hakina, na kuichanganya na elimu kutawapotosha watumiaji. Ukurasa wa msaada wa dharura upo, na unafunguka kutoka kila somo.

Mengine kwa ufupi. Wiki ya uhamasishaji kuhusu OCD ya mwezi wa Oktoba tuliiadhimisha kwa mazungumzo ya wazi. Kikundi cha familia kinaendelea kukutana. Katibu msaidizi amemaliza muda wake na hagombei tena. Kazi yake ya kusahihisha masomo yote, mstari kwa mstari, haikulipwa na haitasahaulika.

Kamati inaomba mkutano huu uamue mambo mawili. Kwanza, kuidhinisha programu itolewe kwa umma bila malipo na bila matangazo, sasa na siku zijazo, hata akitokea mfadhili anayetaka vinginevyo. Pili, kuunda jopo la wanachama wenye OCD, si chini ya nusu yake wakiwa nje ya kamati, litakalokuwa na mamlaka ya kukataa kipengele chochote kipya kabla hakijawafikia watumiaji. Najua pendekezo la pili linapunguza madaraka ya mwenyekiti. Nimelileta mwenyewe.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti