Kabla ya kuchagua jimbo la RV, angalia makaratasi yako kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini nijibu ile barua ya msomaji wenu wa hapa Marekani aliyeuliza, yeye na mkewe wakiuza nyumba wahamie kuishi kwenye RV, yaani gari la kulala ndani, mwaka mzima, anwani yao ya kisheria waiweke jimbo gani, maana naona waliomjibu wote walikimbilia jibu moja tu, South Dakota, ushuru hakuna, maliza. Mimi ni nesi wa mikataba, mume wangu ni dreva wa lori, tunaishi kwenye RV na anwani yetu iko hiyo hiyo South Dakota, kwa hiyo sina ubaya na jimbo lenyewe. Lakini lile jibu wamelichukua kwa wazee wazungu waliostaafu, raia wa kuzaliwa hapa, wasiotafuta kazi wala makaratasi ya uhamiaji, alafu tunawapa watu wetu kama dawa ya kila mtu na hapo ndipo naogopa.

Kwa wasomaji walioko nyumbani Kenya na Tanzania, RV ni lile gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo ndani, au trela linalovutwa na pikapu. Siku hizi manesi wetu wengi wanaitazama hii kitu manake mikataba yetu ya kawaida ni wiki 13, ukimaliza unahamia hospitali nyingine mji mwingine, na kutafuta nyumba ya kupanga kila baada ya miezi mitatu, hasa miji ya bei kali, inakula pesa yote uliyoifuata. Sasa shida ni kwamba hapa Marekani hata kama unalala kila mwezi mahali tofauti, sheria inataka uwe mtu wa jimbo fulani. Leseni ya kuendesha, namba za gari, bima, ushuru, kura, mpaka kesi ya mirathi ukifa, vyote vinafungwa kwenye jimbo moja ambalo ni kwenu, na huwezi kusema huna kwenu.

Majimbo yasiyokata ushuru wa mshahara ni tisa kwa jumla, lakini watu wa RV wamejazana matatu tu, South Dakota, Texas na Florida, kwa sababu hayo yamezoea kuwapokea watu wasio na nyumba ya matofali na kuna makampuni ya kupokea barua yanayokupa anwani na kukutumia barua zako popote ulipo. Texas wengi wako mji mdogo wa Livingston, kaunti ya Polk, makao ya Escapees, chama cha watu wa RV kilichoanzishwa 1978 na kina Joe na Kay Peterson. Florida utasikia Green Cove Springs, kaunti ya Clay, na kule unaweza kuandikisha kwa karani wa mahakama hati ya kiapo kwamba Florida ndiko kwako. South Dakota ni Sioux Falls au upande wa Rapid City. Kwenye kusajili gari tofauti ipo, South Dakota wanatoza asilimia 4 ya bei, Florida 6, Texas 6.25, kwa hiyo RV ya dola 80,000 utalipa dola 3,200 South Dakota na 5,000 Texas. Si pesa ndogo, nakubali, lakini unailipa mara moja, haya mengine ninayotaka kusema unaishi nayo miaka.

Niwaeleze ilivyokuwa pale kaunta ya ofisi ya leseni Sioux Falls ili mtu asidhani ni mambo ya kujaza fomu kwa simu ukiwa kitandani. Kwanza ile kampuni ya barua haikupi sanduku la barua mpaka ujaze fomu ya posta namba 1583, na sahihi yako ithibitishwe na notari. Alafu ukienda kuchukua leseni unabeba pasipoti au cheti cha uraia, karatasi ya namba ya Social Security, barua za kuonyesha ile anwani, pamoja na risiti ya kulala angalau usiku mmoja ndani ya jimbo, iwe kambi ya RV iwe hoteli, na unatia sahihi hati ya kiapo ya wasafiri. Mama wa kaunta aliishika ile risiti yetu akasoma tarehe, akasoma anwani ya kambi, akaangalia kama majina yetu yote mawili yapo, la mume na la mke, na yalikuwepo kwa sababu tulimwomba mtu wa kambi ayaandike yote tulipokuwa tunalipa. Nyuma yetu kulikuwa na wapenzi wazee risiti yao ina jina la mzee peke yake, bibi akarudishwa. Kiapo ni kiapo jamani, pale unaapa kwamba huna makao jimbo lingine, kwa hiyo kama bado una apatimenti Minnesota na watoto wako shule huko, usitie sahihi.

Sasa nije kwenye makaratasi. Kama una grini kadi, kile kibali cha kuishi Marekani daima, na bado hujawa raia, sheria inakutaka uwaarifu watu wa uhamiaji kila unapobadilisha makazi, ndani ya siku 10, kwa fomu AR-11 ambayo siku hizi inajazwa kwenye mtandao bure. Fomu inauliza mahali unapoishi hasa, na sanduku la barua si mahali pa kuishi, barua ina nafasi yake tofauti. Kubadilisha anwani posta peke yake hakuhesabiwi, uhamiaji hawana habari na posta. Na ukifika wakati wa kuomba uraia, fomu N-400, wanataka uwe umeishi miezi mitatu kwenye jimbo au wilaya ile unayoombea. Wewe mwezi uliopita ulikuwa Arizona, kabla ya hapo Oregon, sanduku liko South Dakota, utawaambia uliishi wapi? Alafu barua ya kuitwa alama za vidole au intavyuu inatua kwenye lile sanduku, inasubiri kutumwa, inakufikia siku imeshapita, na ombi linaweza kuhesabiwa umelitelekeza. Mtu amekaa miaka mitano anangoja hiyo siku!

Ushauri wangu kwa mwenye grini kadi ni huu na nausema bila kuzunguka, subiri uraia kwanza. Kama RV lazima, basi kaa na mahali pa kweli, kwa dada au kwa binamu, chumba unacholipia na unachorudi kulala, na jimbo lako liwe hilo hilo hata kama linakata ushuru. Sisi ndivyo tulivyofanya, tulikaa Brooklyn Park, Minnesota, tukilipa ule ushuru wao unaoanzia asilimia 5.35 na kupanda mpaka 9.85, mpaka mume wangu naye akaapishwa, ndipo tukaondoka.

Na pale pale kwenye ofisi ya leseni kuna jambo lingine. Tangu sheria ya 1993 ofisi hizi zinakuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura, na swali liko katikati ya maswali mengine, mtu amechoka na foleni anaweka alama ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mwenye grini kadi akiweka ndiyo pale amejitia kitanzi, kudai uraia usiokuwa nao inaweza kukufukuzisha nchini hata kama hukuwahi kukanyaga kituo cha kura. Kwa sisi wa RV hatari ni kubwa zaidi kwa sababu tunabadilisha leseni jimbo jipya, fomu mpya ambayo hujaizoea. Soma kila mstari, na kama hujaelewa uliza, hakuna aibu. Walio raia nao wajue South Dakota mwaka 2023 ilipitisha sheria ya kutaka mtu awe amekaa siku 30 ndiyo ajiandikishe kura, ule usiku mmoja wa leseni hautoshi. Mimi nilichukua mkataba mzima hapo hapo Sioux Falls na sijutii, nina daktari pale, nina kanisa, nikiapa kwamba ndiko kwangu sisemi uongo.

Tuje kazi. Manesi wenzangu, kuna mkataba wa majimbo kutambuliana leseni za unesi, na hiyo leseni yetu ya majimbo mengi inafuata jimbo ulilo mkaazi. Minnesota haimo kwenye ule mkataba wa majimbo, leseni yake ni ya Minnesota basi, ukitaka kufanya kazi kwingine unaomba upya na kulipa upya. South Dakota, Texas na Florida zote zimo, na hii kwangu ilikuwa sababu nzito kuliko ushuru. Ukihama kutoka jimbo moja la mkataba kwenda lingine una siku 60 za kuomba leseni ya kule ulikohamia, usiendelee na ya zamani mpaka uulizwe. Madreva wa lori nao leseni ya kuendesha magari ya biashara ni moja tu na inatolewa na jimbo la makao yako, ukihamisha makao una siku 30, kwa hiyo uliza kabla kama ile anwani ya sanduku wataikubali kwa leseni hiyo, usije ukaegesha lori.

Sasa sikilizeni hili la posho kwa makini kwa sababu ndilo naona linawaumiza wengi. Wakala wa manesi anakulipa mshahara mdogo wa saa alafu anakuwekea posho ya nyumba na chakula isiyokatwa ushuru, na anakuletea karatasi utie sahihi kwamba una makao ya ushuru mahali fulani. Mtu anaona, si nina anwani South Dakota, anatia sahihi. Hapana! Anwani ya leseni na makao ya ushuru kwa macho ya IRS, mamlaka ya ushuru ya Marekani, ni vitu viwili tofauti. IRS wanaangalia mambo matatu, kama unafanya kazi kidogo kule unakoita kwenu na unalala hapo ukifanya hiyo kazi, kama unalipa gharama za nyumba kule zinazojirudia unapokuwa safarini, na kama hujapatelekeza, kwa mfano familia bado iko pale au unaitumia hiyo nyumba mara kwa mara. Ukiwa na moja tu kati ya hayo wanakuhesabu mtu asiye na makao, makao yako ni pale unapofanya kazi leo, na posho yote inakuwa mshahara wa kukatwa ushuru. Sanduku la barua halilipi kodi ya nyumba na halilali mtu. Kwa hiyo sisi tunaoishi RV mwaka mzima bila nyumba mahali, posho yetu inakatwa, na mimi namwambia wakala hivyo tangu mwanzo anipangie malipo yote kama mshahara. Nimesikia maajenti wanawaambia wasichana wetu wageni ati kila mtu anatia sahihi. Ajenti hatakuwepo siku ukaguzi ukija, jina lililo kwenye karatasi ni lako.

Na hiyo habari ya hakuna ushuru yenyewe ina mpaka. Ukifanya kazi California, mshahara wa California unakatwa ushuru wa California hata kama umeapa South Dakota mara kumi. Faida ya jimbo lisilo na ushuru inakuja ukifanya kazi ndani ya majimbo hayo, au ukiwa mstaafu unayekula pensheni. Jimbo ulilotoka nalo haliachi hivi hivi. Minnesota ukikaa siku 183 kwa mwaka na una nyumba pale wanaweza kukuhesabu mkaazi wao, kwa hiyo kama unaondoka ondoka, si mguu ndani mguu nje.

Bima ya gari semeni ukweli kwamba mnaishi ndani yake, ile bima ya RV ya kutembelea wikendi tu inaweza kukataa kulipa siku RV imeungua na nyumba yako yote imo. Bima ya afya kwa wasiopewa na mwajiri inategemea kaunti ya anwani yako, na mipango mingi inalipa madaktari wa eneo lile tu, nje ni dharura peke yake. Mwenye kisukari au anayebeba mimba aangalie hili kabla ya kuangalia ushuru.

Mhariri, ombi langu ni moja. Gazeti lenu linasomwa na watu wengi wa diaspora, tafadhali tafuteni wakili mmoja wa uhamiaji na mhasibu mmoja anayejua mambo ya manesi wa mikataba, waandike kwa Kiswahili na wajibu maswali ya wasomaji, hasa hayo mawili ya AR-11 na posho. Na yule msomaji aliyeuliza kama yeye na mkewe wote ni raia na hawana watoto shuleni, basi njooni Sioux Falls kabla ya Novemba, baridi ya huku ikianza mabomba ya maji ya RV yanaganda, mlale kambini, mwambieni mtu wa kambi aandike majina yote mawili kwenye risiti.

Wako,
Nesi wa mikataba,
South Dakota, Marekani