Mama Dani, vitunguu vyangu vinatafuta pa kuhamia

Mama Dani shoga yangu, mbukwa!

Za siku nyingi, za huko Ihumwa, Baba Dani mzima, watoto wanaendeleaje? Sisi huku Nkuhungu wazima, ni vumbi tu na huu upepo, ukifua asubuhi saa sita nguo zimekuwa nyekundu. Nakuandikia email maana whatsapp yako ina tiki moja wiki nzima, Sesi anasema simu yako imeingia maji, sasa sijui ni kweli au unaukimbia mchango wa Tunu. Natania bwana. Ila utoe, maana kamati wameanza kunipigia mimi kama vile ndo nimekudhamini.

Haya jambo lenyewe. Baba mwenye nyumba anajenga fremu za maduka. Jumapili baada ya ibada kaja na fundi wakapima na kamba toka getini mpaka kwenye karo la kufulia, af kaniambia kwa upole ule wake unaoujua, "mama hapa zitakaa fremu nne, hizo mboga utazitoa." Hizo mboga! Mwisho wa mwezi wanachimba msingi. Simlaumu sana, tangu serikali ihamie huku Dodoma kila mwenye ukuta unaotazama barabara anataka fremu, ila si angesema mapema jamani. Mchicha na chainizi sina shida, tutachuma tutakula viishe, na nyanya zilishajifia zenyewe kwa jua. Shida yangu ni vitunguu majani, vile alivyoniletea mama mkwe toka Lushoto. Navitoa sawa, nivipeleke wapi?

Ndo nikakukumbuka wewe na kile kiwanja. Naomba kona, Mama Dani. Meta mbili kwa mbili zinanitosha kabisa, hata pale nyuma ya banda ulipokuwa unatupa majivu.

Najua utasema kama unavyosemaga, "si vitunguu tu, si utapanda vingine." Sasa nisikilize. Kitunguu maji cha kawaida unasia kitaluni, unahamisha, unapalilia, miezi minne mitano unang'oa na habari imeishia hapo, msimu ujao unaanza moja na mbegu unanunua upya, maana mbegu ya kitunguu ikishapita mwaka huwa haioti vizuri. Hiki changu hakifanyi kichwa. Kule chini kwenye shina kinajigawa, kimoja kinakuwa viwili, viwili vinne, mwisho unakuta shada zima limesimama pale ulipochomeka mche mmoja. Unachukua kisu unakata majani vidole viwili juu ya udongo, unapika, na yanarudi. Hakuna kung'oa. Mimi kitunguu majani sijakinunua siku nyingi mno, na mama ntilie wa hapa jirani anakuja asubuhi kuchukua cha kuweka kwenye supu ananiachia maandazi, watoto wanakunywa chai, sasa hizo fremu nne zitanipa maandazi?

Na usinitajie habari za Tunu. Najua anasema nilimpa mbegu mbaya. Mimi sikumpa, alinunua fungu soko la Majengo akachomeka mizizi, vikavimba chini vikawa vichwa vidogo, vikatoa ua vikafa. Kile kilikuwa kitunguu maji kimeng'olewa kichanga kikauzwa kama majani, wanafanya hivo sana. Kuvijua si kazi, shika jani. La kitunguu maji lina ubapa upande mmoja, hiki changu ni mviringo pande zote na ndani wazi. Na kama jani ni bapa kabisa kama jani la nyasi af linanuka kitunguu swaumu, hicho ni kingine tena, nacho ni cha kudumu na kitamu kwenye mayai ila sio hiki. Ukilipata sokoni fungu la aina yenyewe na mizizi yake ipo, kata majani, chomeka, linashika vizuri tu. Sasa utaniuliza, kama vinapatikana sokoni kelele za nini? Kelele ni kwamba hivi ni vya mama mkwe. Akija Desemba kitu cha kwanza kabla hata hajavua viatu anaenda bustanini kuhesabu mashada, unamjua yule mama. Nikimwambia vimefunikwa na zege la fremu…

Basi turudi kwenye kona yangu. Kinachonitia wasiwasi kwako ni kitu kimoja, maji. Sio uhaba, hata huku ni mgao na tunaishi. Ni chumvi. Baba Dani aliwahi kusema kisima mlichochimba kina chumvi kidogo, sasa "kidogo" ya Baba Dani naijua, hata pilau la kipaimara alisema lina chumvi kidogo. Kitunguu cha aina yoyote hakiwezi chumvi kabisa, ncha za majani zinaanza kukauka, shada linadumaa, ukizidi kumwagilia na chumvi yenyewe inazidi kujijaza kwenye udongo, maana mvua ya kuisafisha huku kwetu mpaka Desemba na ikifika Aprili imeshakata. Kama ni chumvi kweli basi tutumie ya bomba siku yanapotoka, hata ya kuoshea mchele na mboga yanafaa, ya sabuni hapana. Wala sio mengi. Mizizi yake ni mifupi iko juu juu, kwahiyo kinataka kidogo kidogo mara kwa mara, ukimwaga ndoo nzima leo ukasubiri wiki yote yanapita chini hayakuti mtu.

Af msininyanyulie tuta! Najua Baba Dani anapenda matuta marefu ya mstari kama ya kwao Kibaigwa ya mahindi. Hapa tunafanya kinyume, kitanda kinachimbwa kiwe chini kidogo na kingo zake pembeni, ili maji yakae na upepo usikaushe haraka. Samadi ya mbuzi iliyooza vizuri changanya na udongo, mbichi itaunguza. Nyasi za kutandaza mimi naweka chache tu, maana huku ukitandaza nyingi umewaalika mchwa kwenye sherehe. Na magugu, hasa ndago, ndo adui, majani ya kitunguu yamesimama wima hayatoi kivuli cha kuzuia kitu chini, kwahiyo lazima upalilie kwa mkono taratibu. Dani anaweza. Mwambie shangazi yake atamnunulia bando.

Kuhamisha ni kwangu, wewe usihangaike. Nitavichimbua jioni, nipasue mashada kwa mkono, mojamoja au vitatu vitatu, nipunguze mizizi na majani yabaki mafupi ili visipoteze maji njiani, nifunge kwenye gunia bichi. Vikiwa hivo siku mbili tatu havina neno. Tunapanda sentimita 20 mpaka 25 toka shada hadi shada, shina la mche lisizame sana, af tunavifunika na matawi siku za mwanzo maana jua la Oktoba sio la kuchezea. Na kwa kweli hata fremu zisingekuja nilikuwa nimepanga kuvipasua, kila baada ya miaka miwili mitatu shada likibanana sana majani yanakuwa membamba kama uzi. Kwahiyo utabaki na vyako, hilo sio ombi ni haki yako. Vikishika usivikate haraka, viache vijaze kwanza. Ukiona bua nene limevimba katikati na juu limebeba kimpira cheupe, hilo ni ua, likate mapema la sivyo majani yanakakamaa. Acha moja tu kama unataka kuwaona nyuki.

Vidudu vipo, sikufichi. Thiripsi wakati wa kiangazi wanajificha kwenye makutano ya majani mpaka jani linapiga weupe weupe kama fedha. Mimi nakata majani yote chini naenda kuyatupa mbali, namwagia maji kwa nguvu pale kati, yanaota mapya safi. Kuku wako hawali hivi vitunguu sana ila watachakura mpaka wang'oe, weka miiba. Na mabaki usimtupie yule mbwa wenu, vitunguu vinaharibu damu ya mbwa, hata vikipikwa.

Eti nimeona kwenye youtube kuna ndugu yake mmoja huko Ulaya na Marekani, ni chotara wa hiki na kitunguu maji, kinazaa vitunguu vidogo juu kabisa ya bua, bua likizidiwa linaanguka na vile vidogo vinaota vilipoangukia. Mwakani vinaanguka tena mbele. Yani kitunguu kinatembea! Nikamwonyesha Mwalimu Chali akasema huku kikivuka uzio kwenda kwa jirani tutaitwa kwa mwenyekiti wa mtaa tueleze. Ningekuwa nacho hicho si ningekiambia tu kitangulie Ihumwa, mimi nakuja na daladala.

Kwenye daladala nayo sijui konda atanichaji gunia kama mtu.

Baba mwenye nyumba jana kaniambia "mama si uweke kwenye ndoo." Ndoo mbili nitaweka, sawa, zitakaa dirishani za mboga ya usiku, ila mashada yote yale kwenye ndoo, na kodi kapandisha juu yake. Nimenyamaza. Kuna siku nitasema.

Sasa nijibu haya. Hayo maji ni chumvi ya kuonja mdomoni au ni maneno ya Baba Dani? Ile kona ya majivu bado ipo au mmeshaweka tofali? Mbuzi wa jirani wanaingia bado? Jua la mchana linapiga pale au mlonge ulishakua ukaleta kivuli kidogo? Utakuwepo Jumamosi au unaenda VICOBA? Na simu yako ni kweli imeingia maji, na je uliiweka kwenye mchele kama wanavyosema, ilipona?

Jibu hata kwa simu ya Baba Dani, neno moja tu, ndio. Nikilipata Ijumaa jioni nachimbua, Jumamosi kukianza kupoa niko kwako na gunia. Jembe mnalo, nitakuja na samadi.

Wako,
Mama Furaha