Fizi kwanza, mwanangu, waya baadaye

Mwanangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea. Ujumbe wako niliusoma mchana, nikaurudia usiku baba yako alipolala. Unasema Jumamosi ijayo unakwenda kufungwa waya za meno, pesa umeshadunduliza, na kwamba mwenzako wa kazini amekuhakikishia ile damu inayokutoka ukipiga mswaki itakoma meno yakinyooka. Hapo ndipo usingizi ulipokatika.

Kudunduliza pesa yote hiyo kwa mshahara wa kuanzia, na huku mdogo wako unamtumia nauli, si jambo dogo. Nilimwambia baba yako, naye kawatangazia majirani wote. Lakini damu, Neema! Imeanza lini? Mimi mamako nimefanya kazi kliniki ya kinywa na meno mpaka nikastaafu, halafu habari ya fizi zako naipata kwa mstari mmoja, katikati ya habari za waya.

Meno kupandana peke yake hakuleti ugonjwa wa fizi. Kinachouleta ni ukoga, ule utando wa bakteria unaojijenga pale jino linapokutana na fizi. Ukiachwa huwa mgumu, na mswaki hauuwezi tena. Mwaka 1965 mtafiti Harald Löe na wenzake huko Denmark waliandika jinsi walivyowaachisha watu 12 wenye fizi nzima kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 fizi za wote zilikuwa zimeugua, na waliporudia kusafisha zikapona. Kisa hicho tulikuwa tukiwaeleza wagonjwa waliodhani damu ni ya kuzaliwa nayo.

Meno yako yanaingiaje hapo? Yale ya chini ya mbele yamebanana, moja limejificha nyuma ya jingine, na ukoga unapata maficho ambayo mswaki haufiki. Halafu meno ya juu yanayafunika ya chini mno. Ukiuma, ncha za chini zinaichubua fizi iliyo nyuma ya meno ya juu. Jino linaloelemewa wakati wa kuuma, fizi yake ikiwa nzima, linaweza kulegea kidogo bila kupoteza fizi. Ugonjwa ukishaingia, mzigo uleule unaweza kuharakisha mfupa kuliwa. Kwa hiyo mwenzako hakukosea yote, ila ameanzia mwisho.

Waya husogeza jino kwa kuufanya mfupa ulike upande mmoja na kujijenga upande wa pili. Fizi ikiwa na ugonjwa, unaolika unalika na wa kujijenga haujijengi sawasawa. Ni kuivuta nguzo ya uzio wakati udongo umelowa. Na waya zenyewe zinashika chakula na ukoga kila kona. Usifungwe waya Jumamosi. Kapimwe fizi kwanza.

Mwangalie mama yako mdogo. Alipofika miaka ya arobaini akaanza kuota mwanya, na kila mtu akamsifia, hata mimi nikasema umempendeza. Mwanya wa mtu mzima unaofunguka ghafla si urembo. Mfupa ulikuwa umeshaliwa, meno ya mbele yakawa yanasogea nje na kuachana. Yeye meno yake yalikuwa yamejipanga vizuri, kumbe ni ugonjwa wa fizi ndio ulioyapanga vibaya. Leo anakula ugali kwa upande mmoja. Ugonjwa huu hufuata ukoo pia, ndiyo maana nakusumbua.

Yule daktari aliyekuja shuleni kwenu alisema mapema uletwe kliniki kwa ajili ya mpangilio wa meno. Ulikuwa mwaka tunaezeka nyumba, na bati zilikuwa zimepanda bei. Basi.

Jambo jingine, acha kuyasugua hayo madoa ya kahawia kama unasugua sufuria. Yametokana na madini ya floraidi kwenye maji yetu ya huku Arumeru, yamo ndani ya jino, hayatoki kwa mswaki. Unachokikwangua ni fizi. Ile chonge yako ya juu iliyotoka nje ndiyo naiogopea zaidi, maana jino lililosogea nje huwa na mfupa mwembamba mbele yake, na fizi yake hujivuta upesi na kuacha mzizi wazi. Nunua mswaki laini, uulaze kwa pembe ya nyuzi 45 kuelekea fizi, uzungushe taratibu, asubuhi na usiku, dakika 2. Katikati ya meno tumia uzi, au vile viswaki vidogo. Panapotoka damu usiparuke, hapo ndipo panapohitaji kusafishwa.

Uko Dar es Salaam, huna kisingizio. Muhimbili kuna shule ya meno ya chuo kikuu, na walimu wa mpangilio wa meno wapo. Daktari ataingiza kifaa chembamba chenye alama kati ya fizi na jino, atasoma kina chake kwa milimita. Mpaka 3, bila damu, ni salama. Ikianza 4 kwenda juu, muulize ni wapi na kwa nini, na uombe picha ya eksirei. Akwangue ukoga wote, nao ule mgumu. Ukiwa bado uko kwenye hatua ya damu tu, fizi zinapona kabisa. Mfupa ukishaondoka haurudi wenyewe, na hilo sitaki nilisikie kwako. Fizi zikitulia, funga hizo waya zako, nami nitachangia, kwa sharti kwamba utakwenda kusafishwa kila baada ya miezi michache mpaka zitolewe.

Waulize bima kabla hujatoa fedha mfukoni, usije ukalipia kinacholipiwa.

Baba yako sukari yake imepanda tena. Nimemwambia naye akapimwe fizi, kwa kuwa fizi mbovu na sukari huchocheana, akanijibu atakwenda mahindi yakishavunwa. Mpigie wewe, wewe anakusikiliza. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Mchele na maharage nimempa yule dada anayekuja Dar kwa basi la Alhamisi, kapokee kituoni mwenyewe usimtume mtu, na maharage uyaanike kabla ya kuyafunika, yalinyeshewa kidogo. Mchango wa harusi ya binamu yako unaweza kungoja, pesa ya daktari haingoji.

Nitumie zile namba za milimita, zote, hata zikiwa mbaya.

Mamako