Mnyoo unahesabiwa, ua la Usambara je?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo linaniuma. Kuna mnyoo na kuna ua, vyote vinaelekea kuisha duniani, mmoja tunaomba uishe hata leo, jingine likiisha tumekwisha sisi.

Mnyoo wa Guinea, aliyewahi kuuona hasahau. Mtu anakunywa maji ya bwawa yenye vidudu vilivyobeba mabuu yake, mwaka mzima hajui kitu, halafu mguu unatoa lengelenge linalowaka kama moto, akiutumbukiza majini apoe lengelenge linapasuka na mnyoo unachungulia. Jike linafika karibu mita nzima, na hauvutwi kwa pupa maana ukikatikia ndani ni balaa, unazungushwa kwenye kijiti sentimita chache kila siku, wiki na wiki. Dawa hauna, chanjo hauna. Lakini mwaka 1986 wagonjwa walikuwa kama milioni 3.5, mwaka 2024 wakahesabiwa 15 tu dunia nzima! Kilichofanya kazi ni kitambaa cha kuchujia maji na wanakijiji wanaotoa taarifa, na sehemu nyingi anayetoa taarifa anapewa zawadi ya pesa.

Sasa lile ua, vayoleti ya Usambara. Mjerumani Walter von Saint Paul aliipeleka kwao miaka ya 1890 na leo iko kwenye vyungu madirishani kila kona ya dunia, ila porini ni Tanzania na Kenya tu, na kuna aina inayoota kilima kimoja, Mbololo kule Taita, basi. Watu wananiambia si ipo kwenye vyungu, wasiwasi wa nini? Jamani, hizo za vyungu zimechanganywa kutoka aina chache tu, zile nyingine zikifa mwambani hazirudi. Na kuliua hili ua huhitaji hata kuligusa, linakaa kwenye jiwe lenye kuvumwani ya kijani, kivulini, majani yake yana manyoya laini, wewe kata tu mti ulio juu yake, jua likipiga jiwe linakauka nalo linanyauka.

Wanaokaa karibu na ile miamba wanaijua mmoja mmoja. Wenye dhamana ya misitu wawaulize, wawalipe kama wanavyolipwa wa mnyoo, kila mwamba uhesabiwe na mti wa juu yake uwe na mtu wa kuuangalia.

Msomaji wenu