Kiwanda Kikiuzwa, Ujuzi Unakabidhiwa kwa Nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalojirudia huku kusini: kampuni inanunuliwa, majengo, mitambo na madeni vinakabidhiwa kwa orodha iliyotiwa saini, lakini ujuzi wa waliokuwa wakiiendesha haumo katika orodha hiyo.

Mwaka 2016 Shell iliinunua BG Group ya Uingereza na kurithi vitalu vya gesi vilivyo baharini mbele ya pwani yetu, na mwaka 2023 Maurel & Prom ya Ufaransa iliinunua Wentworth, mbia wake katika gesi ya Mnazi Bay. Kampuni za ukubwa huo zina kumbukumbu za visima na wataalamu wa kuzisoma. Hofu yangu ni kwa viwanda vya kati, ambavyo ujuzi wake mwingi haukuandikwa popote.

Nilikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha kubangua korosho hapa Mtwara kilipopata mmiliki mpya. Mwongozo wa mtambo aliokuja nao ulitaja muda mmoja tu wa kupika korosho ghafi kwa mvuke. Mama aliyekuwa akisimamia chumba cha mvuke hakufuata muda mmoja: alichota chache, akazipasua, akatazama kama kiini kinaachia ganda, kisha akaongeza au kupunguza muda kulingana na ukubwa wa korosho na unyevu zilizotoka nao ghalani. Alipunguzwa kazini mwanzoni kabisa. Msimu ule vipande vilizidi korosho nzima nyeupe, na anayeijua biashara hii hahitaji kuelezwa tofauti ya bei.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa, ashauriane nao na alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, hadi miaka 10. Tume ya Ushindani nayo, kwa sheria ya mwaka 2003, huchunguza miungano ya kampuni isije ikaua ushindani sokoni. Yote ni mema, ila hakuna anayelazimika kuuliza nani atamfundisha nani.

Napendekeza kipindi cha makabidhiano cha msimu mzima wa korosho, kwa kuwa aliyejifunza kwa korosho kavu za Oktoba bado hajakutana na zilizonyeshewa. Mzoefu na mgeni wasimame kwenye mtambo mmoja, maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, na kazi ya kufundisha ilipwe mbali na kiinua mgongo. Anayejua kwamba akishamaliza kueleza ataoneshwa mlango hufunga mdomo, na mimi simlaumu. Vyama vya wafanyakazi vinaweza kudai kifungu cha namna hiyo katika mikataba ya hali bora tangu sasa, kabla mnunuzi hajabisha hodi na bila kusubiri Bunge lirekebishe sheria.

Wako,
Msomaji, Mtwara Mikindani