Somo, herufi za babu usizifute

Unguja, Jumapili usiku

Somo yangu,

Salamu nyingi, na mama nisalimie sana. Ile picha ya skrini yako nimeitazama hadi macho yakaniuma. Herufi za barua ya babu, Kiswahili chake cha herufi za Kiarabu, zimesimama moja moja kama watu wasiojuana, na penye پ na چ pana visanduku vitupu. Unasema utayafuta yote uanze upya. Usifute, nakuomba. Ulichokipiga ni kizima. Kinachoumwa ni kule kuonyeshwa tu.

Yalinikuta haya mwaka jana, nilipokuwa nikinakili barua za bibi. Herufi zilikataa kushikana, nikapata programu ndogo inayoibadilisha kila herufi kwa umbo lililokwisha kuungwa: la mwanzo wa neno, la katikati, la mwisho. Skrini ikapendeza, nikapiga kurasa 40. Siku niliyotafuta neno 'shamba', ambalo bibi kalitaja karibu kila barua, nikaambiwa halimo. Nalo liko mbele ya macho yangu! Kumbe katika Unicode, orodha inayoipa kila herufi namba yake, shini ya kawaida ni 0634, na ile ya programu yangu, ya mwanzo wa neno, ni FEB7. Kwa jicho ni herufi moja, kwa kompyuta ni mbili. Nilishukuru kuikuta ndani ya Emacs, hii programu yetu ya kuandikia, amri iitwayo ucs-normalize-NFKC-region, ikazirudisha zote kwenye asili yake. Lakini usiku ule sikulala.

Sasa tuje kwako. Kama Emacs unaifungua ndani ya terminali, lile dirisha la kupigia amri, anza hapo: humo anayechagua fonti ni terminali, na terminali nyingi haziungi herufi za Kiarabu hata uzipe fonti gani. Ifungue kwenye dirisha lake yenyewe. Na uangalie toleo. Tangu toleo la 27, la mwaka 2020, Emacs huweza kutumia HarfBuzz, maktaba inayofanya kazi hiyo ya kuziunganisha.

Kisha, kabla hujagusa mpangilio wowote, weka kishale juu ya herufi inayokusumbua, bonyeza Ctrl-u, Ctrl-x, halafu alama ya =. Litafunguka dirisha la maelezo, na humo utaona jina la fonti iliyoichora herufi ile hasa. Hili ndilo ningelijua mapema lisingenipotezea wiki mbili. Nilikuwa nimechagua fonti moja nikaamini ndiyo ninayoiona. Kumbe haikuwa na Kiarabu hata kidogo, Emacs ikawa inaazima kwa jirani, na jirani mwenyewe ana ب lakini چ hana. Ndiyo visanduku hivyo.

Pakua Scheherazade New, ya bure, imetengenezwa kwa lugha nyingi zinazotumia herufi za Kiarabu, si Kiarabu peke yake. Ukishaisakinisha, tumia set-fontset-font kuiambia Emacs kwamba herufi zote za Kiarabu zichorwe kwa fonti hiyo. Herufi za Kizungu ziache na fonti yake.

Ukubwa ndio utakaokusumbua mwisho. Utaweka 140, yaani pointi 14, Kizungu kitasomeka vizuri na Kiarabu kitabaki kama sisimizi. Usipandishe vyote. Kuna face-font-rescale-alist, unaipa jina la fonti na kipimo; mimi nimeweka 1.3 na inanitosha. Ctrl-x Ctrl-+ itakukuzia faili lililo mbele yako tu, na ukilifunga ukubwa unapotea. Ongeza na line-spacing, yaani nafasi kati ya mistari, kidogo, maana irabu za chini za mstari mmoja zinagongana na za juu za mstari unaofuata.

Usinione nashikilia vitu vidogo. Andika 'mwanangu auza shamba', kisha 'mwanangu auze shamba'. Kwa herufi za wazee wetu maneno yale mawili ni mamoja, ila kikwaju kimoja, kile kialama cha irabu, juu ya ze ya mwisho au chini yake. Kikiwa juu, mwana anauza. Kikiwa chini, baba anampa ruhusa auze. Kwenye fonti ndogo kikwaju hicho hakionekani kabisa, na hapo ndipo tunapoanza kuwasomea wazee wetu maneno wasiyoyasema.

Neno hilo hilo nimeliona kwenye picha yako, mstari wa tano, na nimeshindwa kujua ulipiga lipi. Ukishaipandisha fonti, linganisha na karatasi ya babu, kisha nitumie mstari huo peke yake.

Wako,
Somo